Sura ya Tano: Wenzo Kabla ya Mgongo

Kiswahili hakitumii kitenzi kimoja kwa kazi zote za kuhamisha kitu kizito. Kuinua ni kukitoa kitu chini na kukipandisha. Kubeba ni kuuchukua uzito wake mwilini na kwenda nao. Kusukuma ni kukitanguliza mbele ya mikono. Kukokota ni kukivuta kikiwa kinagusa ardhi. Na kuviringisha ni kukisogeza kwa kukizungusha, au kwa kukipitisha juu ya kitu kinachozunguka. Katika vitenzi viwili vya kwanza, uzito wote unaangukia misuli na mifupa ya mtu, ilhali katika vitatu vya mwisho uzito unabaki juu ya ardhi, na mtu hushindana na ule ukinzani tu ambao ardhi inauweka kati ya kitu na mwendo wake. Sura hii inaeleza jinsi tofauti hiyo inavyoweza kutumiwa na mwenye mashua, mwenye tela na mwenye mkokoteni katika kuzungusha chombo chake uani, juu ya nyasi, pasipo winchi, pasipo trekta, na pasipo kumwumiza mtu yeyote mgongo.

Mfano unaofuatwa hapa ni wa kusini magharibi mwa Uganda, baina ya jiji la Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sababu katika eneo hilo yanakutana mambo matatu yanayoipa kazi hii uzito wake halisi: ziwa lenye mitumbwi ya uvuvi, ardhi ya nyasi na tope inayobadilika kwa majira, na watu ambao mashine yao ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, ni miili yao wenyewe.

Ardhi inayokanyagwa

Makazi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika, kwani yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia machafuko ya Rwanda. Tangu wakati huo yamepokea watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, hata wakazi wake wakapita 150,000, waliotawanyika katika vijiji vya kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Tofauti na kambi zilizozungushiwa ua, makazi haya huzipa familia kiwanja cha kujenga na kulima, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawatambulia wakimbizi haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo ua wa nyumba ni karakana, ghala na shamba kwa pamoja, na kitu chochote kizito kinachowekwa hapo hakina budi kuhamishwa mara kwa mara ili kupisha kazi nyingine.

Ziwa Nakivale, lililoyapa makazi jina lake, ni ziwa la kina kifupi lililozungukwa na mafunjo, na limo katika mfumo wa maziwa madogo na ardhi oevu unaolishwa na Mto Rwizi, mto uleule unaopita katikati ya Mbarara. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliandikishwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi maeneo ya aina hiyo, na kwa sababu hiyo njia ya kupitishia chombo kuelekea majini haiwezi kufunguliwa kwa kufyeka mafunjo ovyo wala kwa kuchimbua ukingo. Mvua huja kwa misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Desemba, na nyasi ambazo mwezi wa Julai huwa ngumu kama jamvi juu ya udongo mkavu, mwezi wa Novemba hufunika tope linalomeza kisigino.

Tela la mashua, yaani gari lisilo na injini, lenye ekseli moja, magurudumu mawili na mkono mrefu wa kuvutia, si chombo cha kawaida katika vijiji hivyo. Kinachofanya kazi yake ni mkokoteni, au gari dogo lolote ambalo fundi wa kuchomelea ameliunda kwa chuma cha pembe na magurudumu ya chombo kilichochakaa. Hata hivyo kanuni za vyombo hivyo ni zilezile, kwa kuwa vyote ni mzigo uliokalia ekseli moja na kusawazishwa kwa mkono mmoja mrefu, na yeyote anayemudu kuzungusha mkokoteni wenye mashua juu ya nyasi za Nakivale anamudu pia tela lililotoka kiwandani.

Mgongo ni wenzo mbaya

Watu wanapokutana na chombo kizito huwa wanaanza kwa kutafuta mikono mingi na kuinua, na ubaya wa desturi hiyo unaeleweka vizuri kwa kuutazama mgongo wenyewe kama wenzo. Wenzo ni mti au chuma kigumu kinachoegemea mahali pamoja, panapoitwa egemeo, ili nguvu inayotiwa upande mmoja iuhamishe mzigo ulio upande wa pili. Kadiri nguvu inavyotiwa mbali na egemeo, na kadiri mzigo unavyokuwa karibu nalo, ndivyo nguvu ndogo inavyoshinda mzigo mkubwa. Mtu anayeinama kuinua mkono wa tela huwa na egemeo lake katika pingili za kiuno, na misuli inayomnyoosha imeshikamana nyuma ya pingili hizo kwa umbali wa sentimita 5 hivi, ilhali mzigo ulio mikononi mwake unaweza kuwa sentimita 40 mbele. Uwiano huo ni wa nane kwa moja, na unamwelemea yeye. Kwa hiyo mkono wa tela wenye uzito wa kilo 50 unaidai misuli ya mgongo nguvu inayolingana na kilo 400, kabla ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili chake mwenyewe. Nguvu hiyo yote hubanwa juu ya visahani laini vilivyo kati ya pingili, na visahani hivyo vikichanika havirudi kama vilivyokuwa.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, katika kanuni yake ya kukadiria uinuaji iliyorekebishwa mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinuliwa kwa mikono katika mazingira bora kabisa, yaani mzigo ukiwa karibu na mwili, kwenye kimo kinachofaa, bila kujipinda, na kwenye sakafu thabiti. Nyasi zenye unyevu, mkono wa tela ulio chini karibu na vifundo vya miguu, na kujipinda ili kuelekeza chombo ni mambo yanayokishusha kikomo hicho mbali sana. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na methali hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayesimamia kazi ya namna hii, kwa sababu anayetoa amri ya kuinua siye anayesikia pingili zikibanwa. Mkulima wa Isingiro au mvuvi wa Nakivale akiumia kiuno, familia yake hupoteza msimu mzima wa kupanda au wa kuvua, na hasara hiyo hailingani hata kidogo na ile saa moja iliyookolewa kwa kuharakisha.

Kinachozuia gurudumu

Gurudumu likiviringika juu ya barabara ya lami hupata upinzani mdogo sana, ambao wahandisi huuita ukinzani wa kuviringika na kuupima kwa sehemu ya mia ya uzito unaobebwa. Kwa tairi la upepo juu ya lami ukinzani huo ni kama sehemu moja na nusu kwa mia. Juu ya nyasi fupi zilizoshikamana na udongo mgumu unaweza kufika sehemu nane. Na juu ya udongo laini uliolowa unaweza kufika ishirini au zaidi. Ikichukuliwa mashua ya mbao iliyo juu ya gari lake, vyote pamoja vikiwa na kilo 300, basi nguvu ya kulisukuma gari hilo kwenye lami inalingana na kuinua chini ya kilo 5, kwenye nyasi kavu ni kilo 24, na kwenye tope ni kilo 60. Na kama mashua hiyohiyo ingeburutwa kwa tumbo lake juu ya ardhi, nguvu ingepita kilo 120. Nambari hizi ni za makadirio, lakini mpangilio wake haubadiliki, nao unaonyesha kwamba mwenye kazi amepewa uhuru mkubwa wa kuchagua adui wa kupambana naye.

Chanzo cha tofauti hizo ni kuzama. Gurudumu linapozama, hata kwa sentimita mbili, huwa limejichimbia shimo na kuacha ukingo mbele yake, kwa hiyo kila hatua ya mwendo ni kupanda mlima mdogo usiokwisha. Kuzama kwenyewe hutegemea kanieneo, istilahi inayounganisha maneno kani na eneo, yenye maana ya nguvu inayobana kila sehemu ya eneo. Uzito uleule ukitandazwa juu ya eneo kubwa, ardhi huustahimili. Tairi la upepo lina sifa moja ya ajabu katika jambo hili, kwamba linabonyea mpaka kanieneo yake juu ya ardhi inakaribia kulingana na upepo uliomo ndani yake. Tairi lenye upepo wa pauni 30, yaani karibu kilo 2 kwa kila sentimita mraba, likibebeshwa kilo 150 litagusa ardhi kwa sentimita mraba 75 hivi. Upepo ukipunguzwa hadi pauni 15, mguso huo utakuwa maradufu, na gurudumu litaelea pale lilipokuwa likizama. Hatua ya kwanza ya kuhamisha tela juu ya nyasi, kwa hiyo, ni kutoa upepo kiasi, jambo lisilogharimu hata shilingi, mradi mwenye chombo akumbuke kuujaza tena kabla ya kutoka barabarani, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likienda kwa kasi hujikunja, hupata joto na kupasuka.

Jambo la pili ni ukubwa wa gurudumu. Matela mengi ya viwandani huja na kigurudumu kidogo chini ya mkono wa kuvutia, kilichokusudiwa sakafu ya saruji, na kigurudumu hicho ndicho kinachowashinda watu wengi uani. Hesabu ya jiometri inaonyesha kwamba gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, likikutana na mzizi au kichuguu cha sentimita 5, linahitaji kuvutwa kwa nguvu inayopita uzito wake mara 1.7, ilhali gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 huvuka kizuizi hichohicho kwa theluthi mbili tu ya uzito wake. Kwa maneno mengine, kilo 50 zilizowekwa juu ya kigurudumu kidogo zitadai mvuto wa kilo 87, lakini juu ya gurudumu la pikipiki zitadai kilo 33. Katika nchi ambayo bodaboda zimejaa kila njia panda, rimu na tairi la pikipiki lililotolewa barabarani ndilo mbadala bora wa kigurudumu hicho. Gurudumu la baiskeli, japokuwa ni kubwa zaidi, lina spoku nyembamba zinazopinda chombo kinapogeuzwa kwa ubavu.

Pale ambapo gurudumu limekwisha kuzama, nguvu haifai kutiwa kwenye mkono wa tela. Gurudumu linaloviringika huegemea ardhi pale linapoigusa, kwa hiyo anayelishika juu kabisa na kulisukuma mbele anatia nguvu mahali palipo mbali na egemeo maradufu ya ekseli, na kila kilo ya nguvu yake inafanya kazi ya kilo mbili. Watu wawili, kila mmoja kwenye gurudumu lake, wanaweza hivyo kulitoa gari shimoni bila ya yeyote kuinama, ilimradi vidole visiingizwe katikati ya spoku na mtu wa tatu awe ameushika mkono wa tela usichepuke.

Mizani ya mkono wa kuvutia

Gari la ekseli moja ni mizani. Kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa chombo unaweza kudhaniwa umekusanyika, kikiwa juu ya ekseli barabara, mkono wa kuvutia hauna uzito; kikisogea mbele, mkono huelemea ardhi; kikisogea nyuma, mkono hunyanyuka na chombo hukaa kitako, jambo lenye hatari kwa yeyote aliye nyuma. Katika mfano wa kilo 300, kitovu hicho kikiwa sentimita 50 mbele ya ekseli na mshikio wa mwisho wa mkono ukiwa mita 3 mbele ya ekseli hiyo, mshikio utakuwa na uzito wa kilo 50. Mashua ikisogezwa nyuma mpaka kitovu kibaki sentimita 10 tu mbele ya ekseli, mshikio utakuwa na kilo 10, uzito ambao mtu mmoja anaumudu akiwa amesimama wima. Mara nyingi haihitajiki hata kuisogeza mashua: nanga, nyavu, makasia na madumu yaliyowekwa ndani yanaweza kupelekwa tezi, yaani upande wa nyuma, na mizani ikajirekebisha.

Mpangilio huo ni wa uani peke yake. Tela linalovutwa na gari kwa kasi katika barabara kuu ya Mbarara linapaswa kuelemea mbele kwa kiasi cha sehemu kumi hadi kumi na tano kwa mia ya uzito wake wote, kwa sababu tela lenye mkono mwepesi huanza kuyumba mkia na linaweza kulipindua gari linalolivuta. Kwa hiyo mizigo iliyopelekwa nyuma kwa ajili ya nyasi hurudishwa mbele kabla ya safari.

Ikiwa mkono wa tela umekwisha kulala chini na hauna budi kupandishwa ili gurudumu liwekwe, wenzo huifanya kazi hiyo badala ya mgongo. Mti mgumu wa mita 3 huingizwa chini ya mkono wa tela, na egemeo la gogo huwekwa sentimita 30 kutoka mzigoni, ili upande wa mtu ubaki na mita 2 na sentimita 70. Uwiano ni tisa kwa moja, na kilo 50 hupandishwa kwa nguvu isiyofika kilo 6. Malipo ya wepesi huo ni umbali, kwani mzigo ukipanda sentimita 5 mwisho wa mti hushuka sentimita 45, na ndiyo sababu kazi hufanywa kwa awamu: mzigo unapandishwa kidogo, kipande cha ubao kinaingizwa chini yake, egemeo linanyanyuliwa, kisha unapandishwa tena. Magurudumu makuu sharti yawe yamezuiwa kwa kabari mbele na nyuma kabla ya tendo lolote kati ya haya, na mikono isipitishwe kamwe chini ya kitu kinachoshikiliwa na wenzo tu.

Mkono huohuo, uliokuwa mzigo, hugeuka kuwa msaada chombo kinapotakiwa kuelekezwa upande mwingine katika ua mwembamba. Gurudumu moja likizuiwa kwa kabari, na mtu akiusukuma mwisho wa mkono kwa ubavu, chombo chote huzunguka kulizunguka gurudumu lililozuiwa, na kwa kuwa mkono una mita 3 ilhali gurudumu lililo huru liko kiasi cha mita moja na nusu tu kutoka kwenye egemeo, nguvu ndogo ya kusukuma inatosha kuliviringisha. Tela likigeuzwa kidogo upande huu, kabari ikahamishwa, kisha likageuzwa kidogo upande wa pili, litakuwa limepiga hatua mbele. Kwa mwendo huo wa kupokezana mabega, mtu mmoja anaweza kulivusha ua mzima bila hata mara moja kulivuta moja kwa moja. Nyasi zilizo chini ya gurudumu lililozuiwa huchubuka, na kwa ajili hiyo ubao mpana huwekwa hapo, ubao ambao pia hupunguza msuguano wa kuzungukia.

Pasipo magurudumu

Pwani ya Waswahili iliifanya kazi hii karne nyingi kabla ya tairi la upepo kuwapo. Chombo kilichoundwa mchangani hushuliwa, yaani huteremshwa majini, kwa kupitishwa juu ya magogo yaliyolazwa na kupakwa mafuta, na mara nyingi siku ya kushua huchaguliwa ipatane na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ili bahari yenyewe ije kukipokea chombo na kumalizia kazi ya kukiinua. Ziwa Nakivale halina maji kujaa na maji kupwa, kwa hiyo hapo hakuna wa kumalizia. Lakini magogo ni yaleyale. Gogo linaloviringika chini ya mashua huenda nusu ya mwendo wa mashua, maana sehemu yake ya juu hufuata mashua na sehemu yake ya chini husimama na ardhi. Mashua ikienda mita 4, gogo limekwenda mita 2 na kuachwa nyuma. Kwa sababu hiyo huhitajika magogo yasiyopungua manne yenye unene unaolingana, na mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kulichukua gogo lililotoka nyuma na kulirudisha mbele. Juu ya nyasi laini magogo huzama kama magurudumu yanavyozama, na dawa ni kutandika mbao mbili ndefu ziwe kama reli, ambazo nazo huhamishwa kutoka nyuma kwenda mbele.

Wakongo wengi wanaoishi Nakivale wametoka Kivu Kaskazini, na huko wanaijua chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyo katika mstari mmoja, kinachoteremsha makaa, viazi na kabichi kutoka milima ya Masisi na Rutshuru hadi Goma, jiji lililoisimamishia sanamu mwaka 2009. Ujuzi unaohifadhiwa katika chukudu ni uleule unaohitajika kwa mashua: mzigo huwekwa chini na katikati ya magurudumu, na mwendeshaji hupanda juu ya mzigo pale tu ambapo mteremko unafanya kazi badala yake; kwenye mwinuko hushuka na kusukuma kwa mwili ulionyooka.

Maji yanaweza kuwa rafiki au adui wa kazi hii, kutegemea udongo. Mchoro wa kaburi la Djehutihotep nchini Misri, wa takriban mwaka 1900 kabla ya Kristo, unaonyesha sanamu kubwa ikikokotwa na watu 172 juu ya sileji, yaani chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu, na mtu mmoja amesimama kwenye sehemu ya mbele ya sileji akimwaga maji mchangani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha kwamba mchanga uliolowa kwa kiasi sahihi hupunguza nguvu ya kukokota hadi nusu, kwa sababu chembe zake hushikana na hazijilundiki mbele ya sileji. Udongo wa mfinyanzi na tope la ukingo wa ziwa hufanya kinyume, kwani ukilowa hulainika na kunata. Ndiyo maana mwenye mashua anayeweza kuchagua siku huisubiri ardhi ikauke kwa siku mbili tatu baada ya mvua, na kungoja huko kunapunguza kazi kuliko kuongeza watu wanne.

Kamba na mteremko

Ua unaoelekea ziwani huinama, na mteremko ambao macho huuona kuwa mdogo unaweza kukipokonya chombo mikononi mwa watu. Mteremko wa mita moja kwa kila mita 10 hukivuta chombo cha kilo 300 kwa nguvu ya kilo 30 hivi, na nyasi zilizolowa hazimpi mtu mahali pa kukaza miguu. Anayesimama mbele ya chombo ili kukizuia kwa kifua amejiweka mahali pasipofaa kabisa, kwa maana akiteleza chombo kitampita juu.

Kazi ya kuzuia hupewa kamba na nguzo. Kamba inayofungwa nyuma ya gari hupitishwa kwenye nguzo iliyosimikwa imara upande wa juu, na kuizunguka mara mbili. Msuguano kati ya kamba na nguzo huongezeka kwa kuzidishana kila inapozunguka, hata mizunguko miwili ya kamba ya kawaida juu ya mti inaweza kuikuza nguvu ya mshikaji zaidi ya mara 40. Mtu mmoja, akiwa ameketi, huweza kukiteremsha chombo kwa kuilegeza kamba kidogo kidogo, na akihitaji kukisimamisha huibana tu. Kamba isizungushwe mkononi wala kiunoni, kwa sababu ikikimbia humkokota mshikaji pamoja nayo. Na pale nguzo inapokuwa ni mti ulio hai, gunia huviringishwa shinani kwanza ili ganda lisichunwe.

Katika kukipandisha chombo hutumika kapi, gurudumu dogo lenye mfuo ambalo mabaharia wa pwani huliita roda. Kapi moja likifungwa kwenye chombo, na mwisho mmoja wa kamba ukifungwa nguzoni, mvutaji huvuta nusu ya nguvu na kukusanya kamba maradufu ya umbali ambao chombo kimekwenda. Kila mita chache magurudumu huwekewa kabari, wavutaji hupumua, na kazi huendelea. Chombo kilichowekewa kabari hakimdai mtu chochote, na katika jambo hilo kinatofautiana sana na chombo kilichobebwa, ambacho kila sekunde ya kusimama ni sekunde ya kuchoka.

Sauti moja

Kitu kilichosimama hukataa kuondoka kwa nguvu kubwa kuliko ile inayotosha kukiendesha kikishaondoka, kwa kuwa gurudumu limejichimbia kitako na msuguano wa utulivu unazidi wa mwendo. Nguvu hiyo kubwa huhitajika kwa nukta moja tu, na watu watano wanaosukuma kwa nyakati tano tofauti hawaipati kamwe. Hapo ndipo wito unapokuwa kifaa cha kazi kama mti na kamba. Wachukuzi na wavutaji wa pwani na bara walitumia wito wa harambee kuunganisha nguvu zao katika mvuto mmoja, kabla ya neno hilo kuwa kaulimbiu ya taifa la Kenya chini ya Jomo Kenyatta. Na neno mkokoteni, lililojengwa juu ya kitenzi kokota, linatamkwa kama amri inayotolewa kwa watu wengi: kokoteni! Katika vijiji vya Nakivale, ambako majirani wanaoshika chombo kimoja wanaweza kuwa wametoka nchi tatu au nne, Kiswahili ndicho hutumika mara nyingi kuwapa wito mmoja, na usalama wa miguu na vidole vyao unategemea kila mmoja kulielewa neno la kusimama kama anavyolielewa neno la kusukuma. Maneno hayo mawili yafaa yakubaliwe kabla ya kazi kuanza, na mtu mmoja tu apewe mamlaka ya kuyatamka.

Lugha ya ofisi na ya ripoti siku hizi hulitumia neno nyenzo kwa maana ya fedha, magari na mitambo, na husemwa kwamba jamii fulani imeshindwa jambo kwa kukosa nyenzo. Nyenzo ni wingi wa wenzo, na wenzo asili yake ni mti wa kusukumia na gogo la kuviringishia chombo. Ukosefu wa trekta na winchi ni ukosefu wa kweli, na hakuna hesabu ya uwiano inayouhalalisha. Mvuvi anayestahili gati na njia nzuri ya kushushia mashua anastahili kuvipata. Lakini mpaka siku hiyo ifike, mti wa mita 3, magogo manne, mbao mbili, kabari, kamba na tairi lililopunguzwa upepo vinaweza kupatikana katika ua wowote kati ya Mbarara na ziwa, na mtu anayejua pa kuliweka egemeo atairudisha mashua yake nyumbani jioni akiwa na mgongo uleule alioamka nao asubuhi.